Kutengeneza Stuli ya Nyumbani kwa Vyombo vya Mkono

Watu wengi wakaao mijini hudhani kwamba useremala ni kazi ya fundi peke yake, na kwamba mtu asiye na mashine za umeme hawezi kutengeneza kiti cha kumkaribishia mgeni. Dhana hiyo imewagharimu fedha nyingi. Katika nyumba za Mbotela, kama katika mitaa mingine ya upande wa mashariki wa Nairobi, si ajabu kukuta stuli iliyowekwa pembeni ambayo watoto wamekatazwa kuikalia kwa sababu mguu wake mmoja umelegea. Iliyoitangulia ilikwisha kuvunjwa ikawa kuni. Zote mbili zilinunuliwa kwa fedha taslimu, na baada ya muda si mrefu itanunuliwa ya tatu.

Somo hili laeleza namna ya kutengeneza stuli moja yenye kimo cha inchi 18, kwa vyombo vinavyoweza kuwekwa vyote katika sanduku chini ya kitanda. Ni kazi ya Jumamosi tatu au nne kwa mtu asiye na mazoea. Mwenye kuiweza stuli hii ameiweza pia meza, benchi, na hata kitanda, maana kiungo kinachotumika ni kile kile.

KWA NINI STULI HULEGEA

Stuli nyingi za bei ndogo zimeungwa kwa misumari peke yake. Siku ya kwanza husimama imara, na mnunuzi huitikisa akaridhika. Lakini kila mtu anayeikalia huisukuma kidogo mbele au nyuma, na mguu hufanya kazi kama mtaimbo wa kung'olea msumari. Tena msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, yaani mahali nyuzi za mti zilipokatwa, hushika kwa udhaifu kuliko uliopigwa ubavuni. Na katika stuli ya namna hiyo aghalabu misumari hupigwa kwenye vichwa vya mbao. Mbao ikiwa mbichi, hukauka na kusinyaa, na tundu la msumari hubaki likiwa pana. Hapo ndipo stuli huanza kulia. Mwenyewe huongeza msumari mwingine, mbao hupasuka, na siku moja mgeni huanguka pamoja na kikombe chake cha chai ya moto. Ikiwa aliyeanguka ni mtoto aliyebeba chai hiyo, jambo hilo si la kuchekwa.

Lawama si ya wauzaji peke yao. Gikomba wako mafundi hodari sana, lakini mteja anayetaka bei ya chini kabisa hawezi kupewa saa za kazi ambazo hakuzilipia. Kiungo kizuri hakihitaji mbao nyingi zaidi wala vyombo vya ajabu. Huhitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mwenye nyumba anaweza kujitolea mwenyewe bila kukopa.

Kiungo chenyewe huitwa ulimi na tundu. Mwisho wa mbao moja huchongwa uwe ulimi mwembamba, na katika mbao ya pili huchimbwa tundu la kadiri ile ile; ulimi ukaingia tunduni, mabega ya mbao yakabana mguu pande zote. Mtu akikalia, uzito haushikwi na msumari bali na mti juu ya mti.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Kitanda cha Pwani kilichosukwa kwa kamba kina majina yake kamili: miguu ni matendegu, mbao za ubavuni ni mifumbati, na za kichwani na miguuni ni vitakizo. Ncha za mbao hizo huingia katika matundu ya tendegu, na kamba ikisukwa huzidi kuzivuta. Katika visiwa vya Lamu, vyombo vya bahari vilivyoitwa mitepe vilishonwa kwa kamba za makumbi, mbao kwa mbao, vikasafiri baharini hata mwanzo wa karne ya 20. Nao Wakamba huchonga stuli ya miguu mitatu kutoka katika gogo moja. Haina kiungo cha kulegea, na kwa kuwa ina miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa mbaya namna gani. Stuli ya miguu minne haina bahati hiyo, kama itakavyoonekana mwishoni.

Hata jina la Mbotela lina uhusiano na kazi za mikono. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1950, karibu na Barabara ya Jogoo iliyoitwa wakati ule Doonholm Road, ukapewa jina la Tom Mbotela, mmoja wa viongozi wa Kenya African Union, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Ukoo wake ulitoka Freretown, Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Habari zao ziliandikwa na James Mbotela katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934. Huko vijana walifundishwa ufundi pamoja na kusoma, na useremala ulikuwa mmojawapo. Kadhalika Kaimosi, ambako misheni ya Marafiki ilianza mwaka 1902, na Kabete, ambako serikali ilifungua chuo cha ufundi katika miaka ya 1920.

KUCHAGUA MBAO

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa la hapa halitengenezeki baadaye. Mbao iliyopasuliwa juzi imejaa maji. Inapokauka husinyaa, wala haisinyai sawasawa: kwa urefu karibu haibadiliki kabisa, lakini kwa upana hupungua kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Mwenye kutengeneza stuli kwa mbao mbichi ametengeneza kitu kitakachobadilika umbo usiku wakati yeye amelala.

Zipo njia kadhaa za kuitambua mbao mbichi. Ni nzito kuliko kimo chake. Ikiwekwa shavuni huleta baridi. Unga wake wa msumeno hushikamana vidoleni. Lakini njia ya hakika ni mizani. Kipande kipimwe uzito, tarehe na uzito viandikwe kwa penseli juu yake, kisha kipimwe tena kila juma. Maadamu uzito unapungua, mbao bado inakauka. Ukikaa pale pale kwa majuma mawili au matatu, mbao iko tayari. Mwenye duka hatakataa kuazima mizani yake kwa dakika moja.

Mbao zisiachwe juani, kwa maana upande mmoja hukauka upesi na ubao hupinda. Zipangwe ndani ya nyumba, chini ya kitanda au juu ya kabati, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Vichwa vya mbao vipakwe rangi au nta, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi pale, na mipasuko huanzia pale. Mwezi wa Januari na Februari mbao hukauka vizuri Nairobi. Wakati wa mvua ndefu, tangu Machi hata Mei, subira yahitajika.

Kuhusu aina ya mti, mbao inayopatikana kwa urahisi zaidi ni saiprasi. Ni laini, ina harufu nzuri, na haisumbui msumeno. Ubaya wake ni mafundo mengi, na fundo lisikubaliwe kamwe mahali pa kiungo. Msonobari ni laini pia, lakini vidudu huupenda. Mtarakwa huwashinda mchwa, ndiyo maana watu huufanya nguzo za ua, ila hupasuka upesi chini ya patasi. Mvule na mninga ni mbao za fahari, na bei yake ni ya fahari vile vile. Anayejifunza asianzie huko. Upo pia mgrevilea, mti uliotoka Australia ukapandwa katika mashamba ya kahawa na chai ili kutia kivuli. Sura ya mbao yake ni ya madoadoa, nzuri mno, ingawa unga wake huwawasha watu wengine ngozi.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ilidumu hata Rais alipotangaza mwaka 2023 kwamba imeondolewa. Katika miaka ile saiprasi na msonobari viliadimika, na miti ya mashambani pamoja na mbao kutoka Tanzania zikajaza nafasi. Kwa njia hiyo wenye nyumba wengi walijifunza thamani ya ubao mmoja.

Mbotela iko karibu na viwanda, na watu wengine hutumia mbao za paleti zinazotupwa huko. Si vibaya, ikiwa mwenye paleti ametoa ruhusa. Lakini kwanza utafutwe muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao zilitiwa joto ili kuua wadudu, nazo zafaa nyumbani. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa dawa ya sumu, nazo zisiingizwe katika chumba wanamolala watoto wala zisichomwe jikoni. Paleti iliyomwagikiwa kitu kisichojulikana iachwe hata ikiwa na muhuri mzuri.

Kwa stuli moja zanunuliwa futi 6 za mbao ya inchi 2 kwa 2 kwa ajili ya miguu, futi 8 za inchi 3 kwa 1 kwa mbao za kuungia, na futi 2 na nusu za inchi 8 kwa 1 kwa kikalio. Mnunuzi azitazame mbao kwa kuziinua mpaka jichoni kama mtu anayelenga shabaha. Iliyopinda kama upinde irudishwe bila haya.

VYOMBO

Vyombo vinavyohitajika ni msumeno wenye meno madogo, randa, patasi ya inchi 3/8 (au ya milimita 10, ambayo ni karibu sawa), nyundo ya mti, keekee au chombo kingine cha kutobolea, bisibisi, futi ya kupimia, na kipimo cha pembe mraba, ambacho wengine hukiita guni. Mafundi wa zamani wa Pwani waliizungusha keekee kwa uta, kamba ikiviringishwa juu ya mti wake. Ya madukani huzungushwa kwa mkono. Nyundo ya mti yaweza kuchongwa nyumbani, na chombo cha kuchorea mistari pia: kipande cha mbao chenye msumari uliochomoza kidogo, kikikokotwa ukingoni, huchora mstari ulio sambamba na ukingo pasipo kukosea.

Kipimo cha pembe mraba kisiaminiwe kwa kuwa ni kipya. Kiwekwe ukingoni mwa ubao ulionyoka, mstari uchorwe. Kisha kigeuzwe upande wa pili, mstari wa pili uchorwe mahali pale pale. Mistari ikilala pamoja, kipimo ni cha kweli. Ikiachana, kirudishwe dukani.

Vyombo vikuukuu hushinda vipya vya bei ya chini, kwa sababu chuma chake mara nyingi ni kizuri na kutu juu yake ni jambo la kusugua tu. Chuma kibaya hakinoleki.

Na kunoa ndiyo kazi yenyewe. Patasi iliyotoka dukani haijanolewa kabisa; imetiwa umbo tu. Mgongo wake usuguliwe juu ya kinoo mpaka ung'ae karibu na ncha. Kisha upande ulioinama usuguliwe kwa mteremko wa digrii 25 hata 30, kwa maji au mafuta, mpaka uzi mwembamba wa chuma uonekane ukining'inia upande wa pili. Uzi huo uondolewe kwa kusugua mgongo mara mbili tatu. Patasi iliyonolewa sawasawa hukata kichwa cha saiprasi kikabaki laini na chenye kung'aa. Ikiacha vumbi na nyuzi zilizovunjika, irudi kinooni. Wengi huogopa makali, hali butu ndilo hukata vidole: mtu husukuma kwa nguvu, chombo huteleza, na mkono wa pili uko mbele yake. Sheria ni moja tu, mikono yote miwili iwe nyuma ya makali.

KUANZA KAZI

Asiye na meza ya useremala achukue ubao mnene, aufunge kwa kamba juu ya benchi au meza ngumu, na mbele yake apigilie kijiti cha kuzuia mbao isikimbie. Kazi ifanyike barazani au uani mchana. Kuchimba matundu hutoa kishindo, na majirani wa ukuta mmoja wana haki ya kulala.

Miguu minne ikatwe kila mmoja inchi 18 kamili, ingawa stuli ikiisha mguu utakuwa wa inchi 17. Inchi ile moja ya ziada hubaki juu ya tundu ili mti usipasuke wakati wa kuchimba, nayo hukatwa mwishoni. Miguu ipigwe randa mpaka ibaki inchi 1 na robo tatu pande zote, ikijaribiwa kila mara kwa kipimo cha pembe mraba. Randa ifuate nyuzi za mti. Ikiwa inang'oa vipande badala ya kutoa maganda marefu, ubao ugeuzwe.

Mbao za kuungia ni nane, nne za juu na nne za chini, na kila moja hukatwa inchi 11. Katika hizo, inchi 9 ni mwili wa mbao na inchi 1 kila upande ni ulimi. Zote nane zifungwe pamoja ubavu kwa ubavu na mistari ya mabega ichorwe kwa mara moja. Mbao zikipimwa moja moja hutofautiana kwa upana wa penseli, na stuli huwa pacha wa mnazi uliopigwa na upepo.

Matundu huchimbwa kwanza na ndimi hukatwa baadaye, kwa maana ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kupunguza tundu. Upana wa tundu ni upana wa patasi, karibu theluthi ya unene wa mbao au kuzidi kidogo. Matundu ya mbao za juu yaanze nusu inchi chini ya mahali mguu utakapokatwa. Ya mbao za chini yasiwe kwenye kimo kimoja: mbao mbili zinazoelekeana ziwe inchi 3 kutoka sakafuni, na mbili nyingine inchi 7. Matundu mawili yakikutana mahali pamoja mguu huwa mwembamba kwa ndani, na ni pale utakapovunjika mtu mzito akiegemeza kisigino. Juu hakuna njia ya kuyaepusha yasikutane, kwa hiyo ncha za ndimi za juu hukatwa mshazari ili zigusane ndani ya mguu kama mikono ya watu wawili wanaosalimiana.

Kuchimba kuanzie katikati ya tundu. Patasi isimame wima, ipigwe, isogezwe kidogo, ipigwe tena, na vipande vitolewe. Ncha mbili za tundu ziachwe mpaka mwisho, kwani patasi huegemezwa hapo na kuziharibu. Kina kiwe inchi 1 na kidogo zaidi, ili gundi iliyosukumwa mbele ya ulimi ipate pa kukaa. Anayechimba asimame au akae mwisho wa mbao na kuitazama patasi kwa mbele. Akikaa ubavuni hataona kwamba imeinama.

Katika kukata ulimi, msumeno upite upande wa mbao inayotupwa, na mstari ubaki. Jambo hili dogo ndilo humtenganisha fundi na mkata kuni. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono pamoja na pigo jepesi la nyundo ya mti. Ukiingia wenyewe na kutoka wenyewe, umelegea, na gundi haitauponya. Hapo bora kubandika ganda jembamba la mbao juu yake na kuukata upya. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu zote, utapasua mguu.

Kabla ya kutia gundi stuli yote iunganishwe ikiwa kavu, na kila kiungo kipewe namba kwa penseli. Wenye haraka huiacha hatua hii, kisha hugundua gundi ikiwa mbichi mkononi kwamba mguu wa pili umewekwa mahali pa wa nne.

KUBANA BILA JILIWA

Fundi wa karakana hubana viungo kwa jiliwa na vibano virefu vya chuma. Mtu wa nyumbani hana, na kuvinunua kwa ajili ya stuli moja ni hasara. Zipo njia mbili za zamani.

Ya kwanza ni kamba. Stuli izungushwe kamba ngumu mara mbili, kijiti kiingizwe kati ya nyuzi na kuzungushwa mpaka kamba ikaze, kisha kijiti kifungwe kisirudi. Vipande vya gunia viwekwe chini ya kamba pembeni isiache alama.

Ya pili ni bora zaidi, nayo ni ya kigingi. Mguu hutobolewa tundu dogo la mviringo linalopita katikati ya tundu la ulimi. Ulimi huingizwa, na mahali pa tundu hilo hutiwa alama juu yake kwa ncha ya keekee. Ulimi hutolewa, ukatobolewa si juu ya alama bali inchi 1/16 karibu zaidi na bega. Baadaye kigingi cha mti mgumu kilichochongwa ncha kikipigwa ndani, hulazimika kupinda kidogo kupita matundu yasiyolingana, na katika kupinda huuvuta ulimi ndani mpaka bega likaume mguu. Hakitalegea hata gundi ikifa. Ulimi usogezwe kwa kadiri hiyo tu. Ukizidi, kigingi huvunjika ndani.

Gundi nyeupe ya madukani yatosha. Wazee walichemsha sherisi ya ngozi na mifupa, ambayo hushika vizuri ila haipendi unyevu. Pande mbili ziunganishwe kwanza, kila upande miguu miwili na mbao zake mbili, ziachwe usiku kucha. Kesho yake ziunganishwe kwa mbao nne zilizobaki. Hapo hapo, kabla gundi haijakauka, umbali wa kona hadi kona upimwe kwa kijiti, kisha kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana stuli ni mraba. Visipolingana isukumwe polepole kwenye kona ndefu mpaka vilingane.

Kikalio ni mbao mbili za inchi 14, kila moja ikipunguzwa upana mpaka karibu inchi 7, na kati yake huachwa nafasi ya robo inchi. Nafasi hiyo si uvivu. Mbao hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, miaka yote, na ikizuiwa hupasuka. Kwa sababu hiyo kikalio kisitiwe gundi. Vipande vidogo vya mbao vigundishwe ndani ya mbao za juu, na skurubu zipitishwe kutoka chini katika matundu yaliyo mapana kidogo kuliko skurubu zenyewe.

Mwisho ni kuisawazisha. Stuli ya miguu minne karibu daima huyumba kidogo. Mwenye haraka huukata mguu anaoudhani kuwa mrefu, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena, na jioni amebaki na stuli ya mtoto. Njia iliyo sawa ni kuiweka juu ya meza iliyonyoka, kuweka vipande vya karatasi nene chini ya mguu uliopungua mpaka isiyumbe tena, kisha kulaza penseli juu ya kibao chembamba na kuchora mstari kuzunguka miguu yote minne kwa kimo kimoja. Ndipo msumeno upite juu ya mistari hiyo.

Baada ya msasa (zamani watu walitumia majani makavu ya mti wa msasa wenyewe, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka), stuli ipakwe mafuta ya kitani au vanishi mara mbili. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandazwe nje mpaka yakauke, kwani yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata moto yenyewe na kuwaka. Nyayo za miguu zisisahauliwe. Sakafu ya saruji huoshwa kila asubuhi, na maji hupanda ndani ya mti kupitia pale palipokatwa. Kwa hiyo kila mguu usimamishwe ndani ya kifuniko cha bati chenye mafuta kidogo, uachwe unywe usiku mmoja, kisha upanguswe na kuachwa siku mbili kabla ya mtu kuikalia.